Utepe Mbele ya Magunia ya Mboji, Banjar Umasari

Mgeni rasmi, mheshimiwa uliyetoka makao makuu ya wilaya ukapanda mlima mpaka hapa kwetu, Baba Gita, mwenyekiti wa jumuiya ya kijiji chetu, banjar yetu; kuhani wa hekalu; wapigaji wa ngoma na upatu wa gamelan yetu; akina mama na akina baba wa Umasari: amani iwe juu yenu nyote.

Anayesoma ni katibu wetu, Ni Luh Sunarti. Sauti ni yake, ila maneno ni ya kikundi kizima. Tuliyabishania sana maneno haya, na kuna wenzetu waliotoka nje kwa hasira wakarudi baada ya kuvuta sigara.

KUKUKARIBISHA

Tunakukaribisha kwa mikono miwili. Kahawa uliyokunywa ni ya miti ya hapa hapa, na kama mashapo yalikukwama kooni utuwie radhi, ndivyo tunavyoinywa. Utuwie radhi pia kwa ngoma ya kukupokea. Umezunguka banjar nyingi na sikio unalo, kwa hiyo lazima uliisikia ikiyumba pale ulipovuka lango, wapigaji wengine wakaangaliana. Mpiga ngoma wa leo bado anajifunza. Kwa nini siku ya mgeni rasmi ngoma inapigwa na mwanafunzi, utalisikia humu humu.

Kuna jambo la tatu, nalo lina ugumu kidogo. Mezani mbele yako upo mkasi, umelazwa juu ya sahani ya maua. Nyuma ya utepe ule mwekundu yapo magunia ya mboji uliyokuja kuyazindua leo, ili yasambazwe kwenye bustani za vijiji na za shule kila pembe ya wilaya. Tunakuomba kwa heshima zote usiushike mkasi huo mpaka tumalize kusoma. Tunajua si kawaida. Mwenyekiti wetu hapo alipo ameshaanza kujifuta jasho, maana ukurasa huu aliukubali shingo upande.

HISTORIA YA KIKUNDI

Kabla ya mboji, Umasari palikuwa na nguruwe. Ukoko wa wali, machicha ya nazi, maganda ya ndizi, mabaki ya karamu za hekalu, vyote vilikwenda bandani, na hakuna aliyejua neno takataka ya chakula. Kisha ikaingia homa ya nguruwe. Mabanda yakawa matupu katika msimu mmoja, na ndoo za mabaki zikakosa wa kuzipokea. Tukaanza kuzimwaga korongoni. Korongo likanuka, mbwa wakanenepa, na mfereji wa mashamba ya mpunga ukaanza kutuletea maganda ya mayai miguuni.

Ndipo alipoinuka Ni Nengah Kardi, ambaye sote tunamwita Mama Lastri kwa jina la binti yake wa kwanza. Mama Lastri si mtu wa maneno matamu, tuliseme hilo tangu mwanzo. Alikuwa amepoteza nguruwe jike na watoto wake wote. Alilia siku yake moja, kisha akabomoa banda, na mbao zake akaziunda masanduku ya kuozeshea mabaki. Alipomaliza akatupitia nyumba kwa nyumba.

"Leteni mabaki yenu," alisema. "Mkimwaga korongoni mnalisha panya. Mkinipa mimi nalisha nyanya zenu."

"Yatanuka, Mama Lastri."

"Hata wewe ukilala wiki nzima ubavu mmoja utanuka. Lundo linataka kupinduliwa, basi."

Alitufundisha kutandika mabaki mabichi chini na majani makavu juu, kunyunyiza maji bila kulowesha, na kupindua kwa uma wa shamba mpaka mgongo uitike. Alitufundisha kuchomeka fimbo katikati ya lundo, kuichomoa, na kuigusisha ngozi laini ya kifundo cha mkono. Ikikuunguza, lundo linapika. Ikiwa ya vuguvugu, lundo lina njaa au lina kiu. Tulimcheka kusikia lundo lina njaa, lakini tulijifunza, na baada ya mvua za mwaka ule tulikuwa na udongo mweusi unaomomonyoka vidoleni, usionuka kitu chochote.

Mheshimiwa, kwetu hapa mabaki ya jikoni hayafui dafu kwa wingi wa sadaka. Unajua mwenyewe. Kila nyumba kila siku huweka visahani vya majani ya mnazi vyenye maua na punje za wali, mlangoni, kisimani, jikoni, hata juu ya kiti cha pikipiki. Ibada ikiisha kisahani kimemaliza kazi yake, kuku wanadonoa wali na ufagio unazoa kilichobaki. Mama Lastri alipoona maua na majani yote yale yanafagiliwa shimoni alifurahi kama aliyeokota pesa. Akayapokea, kwa sharti moja tu. Kisahani kilichoshonwa kwa kijiti cha mwanzi, karibu. Kilichobanwa kwa pini za stepla, hapana.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu ni mengi, na mwaka jana tungeyasoma kwa sauti kubwa zaidi. Korongo halinuki. Pilipili za Umasari zinaulizwa sokoni kwa jina. Mashamba yaliyokuwa yakipasuka wakati wa kiangazi sasa yanashika maji. Banjar za jirani zimekuja kujifunza, na tumewapa fimbo za kupimia joto kama zawadi.

Mboji yetu imeongezeka mara tatu katika muda wa mwaka mmoja. Maabara iliipima ikaisifu kwamba imeiva na ina rutuba. Hapa hatuna budi kusema kwamba sampuli ile tuliichekecha kwanza kwa chekeche la unga, kama mgeni anavyopakuliwa nyama isiyo na mfupa. Hatukuwa na nia ya kudanganya. Tulitaka tu kupendeza.

Ongezeko hilo la mara tatu ndilo lililokuleta hapa na tuzo mkononi. Maofisa wako walipotuuliza siri yake tuliwajibu kwamba ni umoja. Walifurahi sana kwa jibu hilo, nasi tukajisikia watu wa maana.

CHANGAMOTO

Risala nyingi chini ya kichwa hiki huweka barabara mbovu na ukosefu wa maji. Barabara yetu ni mbovu, umeiona. Maji yapo. Changamoto yetu ni ndogo kuliko punje ya mpunga na ina ncha mbili.

Wanawake wa Umasari siku hizi wanatandika vitanda hotelini, wanakanda migongo ya watalii, wanauza madukani. Anayetoka nyumbani alfajiri atapasua mwanzi saa ngapi? Sadaka zinanunuliwa sokoni kwa pakiti, zimeshabanwa kwa stepla, chwa, chwa, chwa, na muuzaji mmoja anamaliza rundo zima kabla chai yake haijapoa. Mama Lastri aliijua hali hii vizuri kuliko wengi wetu. Lastri, binti yake mwenyewe, ni mmoja wa hao watandika vitanda. Na bado hakulegeza.

Ndoo yenye pini aliirudisha. Hakumvuta mwenye ndoo pembeni akamnong'oneza, la. Aliirudisha langoni, chini ya mwanzi uliopambwa kwa sikukuu ya Galungan, mahali ambapo kila apitaye anaona. Kwetu lango ni uso wa nyumba. Ukizikuta sadaka zako zimerudishwa hapo mbele ya macho ya watu, huwazi habari za mboji, unajiona umekataliwa wewe na ibada yako. Katika wiki ya sikukuu, ndoo ya nyumba ya mwenyekiti ilikuwa miongoni mwa zilizorudi. Mama Gita, mkewe, alimfuata Mama Lastri mpaka kwenye masanduku.

"Wewe, Mama Lastri, unanirudishia ibada yangu?"

"Ibada ilishapanda juu. Kilichobaki ni chuma."

"Chuma gani? Kipini kama jino la panya?"

"Kitoe hicho kipini, halafu hiyo ndoo nitaifuata mwenyewe kwako."

"Nikae nifumue sadaka moja moja, nina zamu hotelini? Miungu wenyewe hawajalalamika. Wewe unalalamika kama nani?"

"Kama mtu anayeshika udongo kwa mkono," Mama Lastri akamjibu, akaendelea kupindua lundo.

Neno la Mama Gita kuhusu miungu lilitufurahisha mno, likazunguka banjar nzima kabla ya chakula cha mchana. Mama Lastri akapachikwa majina. Huyu akamwita Mkaguzi wa Miungu, yule Bibi Vijiti, na akipita dukani hakosekani wa kubonyeza stepla hewani, chwa, chwa, watu wakaficha nyuso kwa vicheko. Alipita bila kugeuka. Lakini mumewe ametuambia kwamba akifika nyumbani alikaa kizingitini akamuuliza, "Hivi mimi nina roho mbaya?" Mumewe akamwambia hapana, roho huna mbaya, una mdomo mbaya. Wakacheka wote wawili, na kesho yake akarudi kwenye masanduku yake.

Mume huyo, Baba Lastri, ndiye mpiga ngoma wa Umasari. Gamelan yetu yote ilikuwa ikimfuata yeye, akiharakisha inaharakisha, akituliza inatulia, na wazee wanasema hawajapata kuusikia mkono wa kulia mwepesi kama ule. Ni mtu mpole, anayependa kukubaliana na watu. Nyuma ya hekalu ana bustani ya pilipili na maharage marefu, na kisukari anacho tangu zamani, anakila chakula chake kwa kujihesabia wali.

Mkutano wa banjar, kama ujuavyo, hukaliwa na waume kwa niaba ya nyumba zao. Baada ya sikukuu mwenyekiti aliitisha kikao kuhusu masuala ya amani. Kila mtu alijua amani maana yake ni ndoo. Ilisemwa kwamba kikundi ni cha watu wote na kwa hiyo kipokee ndoo za watu wote. Ilisemwa pia kwamba Mama Lastri amefanya kazi kubwa, sasa apumzike. Apumzike, ndilo neno laini kuliko yote tuliyoyapata.

"Baba Lastri, una lolote?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi nafuata wengi," Baba Lastri akasema.

Nyumbani mkewe alikuwa amemwekea kahawa. Yaliyosemwa hapo tumeyapata kwa Baba Lastri mwenyewe, na ameruhusu tuyasome.

"Wameamuaje?"

"Wamesema upumzike."

"Na wewe ulisemaje?"

"Mimi nilikaa."

"Kukaa najua, hakuna anayeendesha mkutano amesimama. Nakuuliza ulisemaje."

Mama Lastri akakivuta kile kikombe cha kahawa aliyomwekea, akainywa yeye mpaka mashapo, akaingia ndani. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwenye masanduku yaliyojengwa kwa mbao za banda lake.

Sisi tukapokea kila ndoo. Hapo ndipo mboji ilipoongezeka mara tatu, mheshimiwa, siri yote ndiyo hiyo. Lundo huozesha jani, ua, ganda la nazi hata mfupa wa kuku, ila pini haliiozeshi. Linaipaka kutu tu, ikafanana rangi na udongo. Chekeche letu lina matundu mapana kwa ajili ya kazi ya haraka, na pini hupita kwa urefu wake bila kugusa waya. Hatukuziona. Tukisema kweli zaidi, kuna wengine wetu waliochomwa mara moja mbili wakazitupa kando na kunyamaza, kwa sababu kusema kungekuwa ni kumrudisha Mama Lastri, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Msimu wa kupandikiza ulipofika, Baba Lastri alibeba gunia la kikundi kupeleka bustanini. Mkewe alimzuia.

"Lile lundo la zamani lililobaki kwangu halikutoshi?"

"Nitaonekanaje? Mtu wa banjar asiyetumia mboji ya banjar?"

"Utaonekana una akili."

Alilibeba. Alipandikiza miche ya pilipili kwa mikono mitupu kama tunavyopandikiza sote, maana mche mchanga ukiushika kwa glavu unauvunja shingo. Kitu kikamchoma chini ya ukucha. Akakichomoa, akanyonya damu, akaendelea na mstari wake. Kipande kilikuwa kimebaki ndani. Jioni hakumwambia mkewe, kwa kuwa angemwambia amechomwa ingebidi amwambie amechomwa na nini. Alikula kwa mkono ule ule, akaenda mazoezini akapiga ngoma kwa kidole kinachowaka, na alipoulizwa mbona anakunja uso alisema ni mafua. Akakaa hivyo mpaka Mama Lastri alipouona mkono umevimba hadi kiwiko, akamvuta kwa ile sauti yake mpaka kwenye gari la jirani. Hospitalini walifanya walichoweza. Kwa mtu mwenye kisukari kidonda hakingoji, na vidole viwili vya mkono wa kulia vikakatwa.

Ulipofika leo alikuwa amekaa na wapigaji, yule mwenye shati jeupe mstari wa nyuma. Anapiga upatu mdogo wa kuhesabia mapigo, kazi wanayoanzia wanaojifunza. Ngoma yake anapiga mwanafunzi wake, na anamwonyesha kwa kutikisa kichwa.

Ni yeye aliyetuletea habari ya pini, wala si mkewe. Alikuja bandani kwetu tulipokuwa tunashona magunia haya haya, bandeji ingali mkononi, na mkono wa kushoto umeshika sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu. Hakutusalimu. Aliufungua mdomo wa gunia moja, akaizamisha sumaku ndani, akaitoa. Ilikuwa na ndevu za pini. Akafungua la pili, ndevu. La tatu, ndevu.

"Siku ile mkutanoni hukusema," mmoja wetu alimwambia, tunadhani kwa kukosa la kusema.

"Leo nasema," akajibu. "Na msimwambie Mama Lastri kama nilikuja." Hilo nalo sasa ameruhusu tulisome.

Tunajuta, mheshimiwa mgeni rasmi. Tumetafuta namna ya kuliandika neno hili kwa adabu ya risala tukashindwa, tumeliacha lilivyo. Tunajuta kwa mkono wa Baba Lastri. Tunajuta kwa vicheko vya dukani, na aliyecheka kuliko wote sasa hapiti barabara ile. Tunajuta kwamba mtu alituambia jambo la kweli kwa sauti mbaya, tukaijibu sauti.

MAOMBI

Ombi la kwanza umeshalijua. Mkasi ubaki ulipo. Magunia haya yakitoka leo yanakwenda kwenye bustani za watu wanaopandikiza kwa mikono mitupu, na nyingine ni bustani za shule. Tunaomba muda mpaka Galungan ijayo. Tutayafungua yote, tutamwaga mboji juu ya mikeka tabaka jembamba, tutapitisha sumaku, tutachekecha kwa waya mdogo, tutapitisha sumaku tena. Mwenye zamu hotelini atakuja baada ya zamu. Mama Gita ameshajiandikisha, na sumaku ya kwanza ameinunua yeye.

Ombi la pili, tuzo urudi nayo ofisini kwako. Kama kuna banjar nyingine inayostahili, ipewe, nasi tutakwenda kuipigia makofi. Na kesho ukipima wengine, tunaomba usipime kwa mizani peke yake. Mizani ilitusifu wakati ule ule tulipokuwa tunaharibu, kwa sababu chuma nacho kina uzito.

Ombi la tatu ni geni kidogo. Tunajua baada ya kusikia haya utataka kwenda kumwona Mama Lastri, umpe mkono, pengine upigwe naye picha. Tunakuomba usiende. Kutokuja kwake hapa leo si kiburi. Sisi wenyewe tulikwenda kwake wiki iliyopita, katibu, Mama Gita na mwenzetu mmoja, tukiwa na masinia ya matunda vichwani kama watu wanaokwenda kuomba jambo. Tulimkuta uani. Mumewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, wanajiandaa kwenda hekaluni, naye amesimama nyuma yake akimfunga kitambaa cha kichwa, maana fundo lile linataka vidole vyote.

"Subirini nimalize," akasema.

Tukasubiri. Alilifungua fundo akalifunga upya, halikuwa limekaa katikati. Mama Gita akashindwa kuvumilia.

"Mama Lastri, tumekuja kusema ulikuwa sahihi. Sisi ndio tuliokosea. Nami zaidi."

"Mmetoka kote huko kuja kuniambia hivyo?"

"Ndiyo."

"Mngebaki kwenu. Nilikuwa najua." Akamgeuza mumewe kwa bega, akaanza kumfunga vifungo vya shati kimoja kimoja. "Kila asubuhi namfunga hiki na hivi. Namchambulia samaki. Usiku namsikia anapiga ngoma juu ya godoro na vile vilivyobaki, anadhani nimelala. Sasa niwe sahihi, halafu kuwa sahihi kunanisaidia kitu gani hapo? Natamani ningekosea, Mama Gita. Natamani hadi leo mngekuwa mnanicheka pale dukani, Bibi Vijiti, Bibi Vijiti, na huyu anapiga ngoma yake."

Baba Lastri aliangalia chini. Sisi tulikuwa bado na masinia vichwani, hatukujua pa kuyatua.

"Tufanye nini?" katibu akauliza.

"Magunia yasitoke."

"Utepe umeshafungwa. Mkubwa anatoka wilayani."

"Utepe ni kitambaa. Mwambieni mkubwa."

"Na tukimwambia, utarudi kwenye masanduku?"

Alimaliza kifungo cha mwisho, akamkung'uta mumewe mabega, akamtazama kama mtu anayetazama kazi yake. Alisema wanachelewa hekaluni. Kisha akatutua masinia, akatupa kila mmoja ndizi moja katika zile zile tulizompelekea, na wakaondoka, yeye mbele na mumewe nyuma.

Mheshimiwa mgeni rasmi, alituagiza tukwambie, na tumekwambia. Hakutuahidi kitu, nasi hatukuahidi kwa niaba yake.

Tunakuombea ushuke mlima salama na uwakute wa nyumbani kwako wazima. Mashamba ya wilaya hii yapate mvua kwa wakati wake, na kila mkono unaoingia kwenye udongo utoke kama ulivyoingia. Amani, amani, amani.

Ni sisi, Kikundi cha Mboji cha Banjar Umasari, wote kasoro mmoja.